Mwaka Ambao Sikupewa Jembe

Simu ya msiba ilinikuta ofisini, Mtwara mjini, nikibishana na kijana mmoja aliyetaka kibali cha kujenga kwenye mkondo wa maji kwa sababu kiwanja alikipata kwa bei ya kutupa. Aliyepiga alikuwa Somoe. Akaniambia Bi Fatu amefariki alfajiri, na kabla sijatamka innalillahi nikaona wivu. Ndiyo, wivu, wala sitauvisha kanga ufanane na huzuni. Huzuni ilikuja baadaye, njiani. Lakini kilichotangulia kunichoma ni kwamba Somoe alikuwepo na mimi sikuwepo, kwamba yeye ndiye aliyemfumba macho na kumfunga kidevu, na mimi napewa habari kama wanavyopewa watu wa mbali. "Fanya uje, Mwanaidi," akasema. "Hatumwoshi mpaka ufike." Nikamwuliza wanamchelewesha maiti kwa ajili yangu kwa nini, mimi si ndugu. "Ndivyo alivyosema mwenyewe. Njoo tu, shoga." Akakata. Nikamwacha kijana na ramani yake mezani, nikatafuta gari la kukodi.

Nimekuwa mtu mzima sasa, na kazini vijana huniita mama. Nimekagua misingi mingi kuliko ninayoweza kuikumbuka, na nimeandika "ivunjwe" kwenye nyumba za watu wenye sauti kubwa mjini. Lakini ukinibana niseme ni wapi nilijifunza kazi yangu, sitakutajia chuo. Nitakutajia Nakwaya, kijiji cha bonde la Ruvuma, pale mto unapoanza kupanuka na kuonja chumvi ya bahari. Mvua za juu zikikutana na bamvua, yale maji makuu ya bahari, mto hukosa pa kwenda, nao huenda kwa watu. Nilikaa kule mwaka mmoja tu, nikiwa msichana mwembamba mwenye kujua kila kitu. Na mwaka wenyewe nauita mwaka wa kijiba cha roho, maana sijapata tena kumwonea mtu kijicho kama nilivyomwonea Somoe.

Tulikuwa wasichana wawili tuliotoka chuo cha ufundi pamoja, mimi wa Mikindani, yeye wa mashamba ya Mpapura. Mradi mmoja wa kuwasaidia watu waliobomolewa nyumba na mafuriko ulituchukua tumsaidie mhandisi kupima na kusimamia mafundi. Chuoni nilikuwa nikimpita Somoe kwa kila kitu, na sisemi hivi kwa kujisifu, hata yeye atakwambia. Masharti ya ujenzi wa mabondeni nilikuwa nimeyahifadhi kichwani. Nyumba ikae mbali na ukingo wa mto, si chini ya mita sitini. Msingi uwe wa tofali za saruji, na nguzo ya zege yenye nondo kila pembe, usiwe wa miti na udongo, kwani udongo ukilowa hurudi kuwa udongo. Ndani ya msingi kijazwe kifusi, kishindiliwe, kisha juu yake ipigwe sakafu ya zege isiyo na ufa wala tundu, maji yasipate pa kupenya na kukikomba. Na sakafu hiyo ikae futi mbili juu ya mstari wa maji. Mstari wenyewe haukuhitaji kutafutwa. Ulikuwa kwenye ukuta wa shule, tope lililokauka sawasawa kama limepigwa kamba, nikisimama linanifika kifuani.

Tulipangiwa kukaa kwa Bi Fatu, mjane mfupi mwenye miguu ya haraka, ambaye nyumba yake ya udongo ilikuwa imesalia kwa upande mmoja tu na kukandikwa upya upande wa pili. Alikuwa kungwi. Wasichana wote wa kijiji walipita mikononi mwake unyagoni, na mama zao kabla yao, kwa hiyo neno lake kwa wanawake halikuwa na rufaa. Siku ya kwanza alinitazama futi yangu ya chuma iliyoning'inia kiunoni, akanitazama uso, akacheka. "Haya, Bi Futi, karibu." Jina likanishika mpaka leo. Mimi nikapewa chumba cha mbele, kitanda cha kamba chenye godoro na chandarua. Somoe akaambiwa, "We ntoto wa Mpapura, njoo huku ndani kwangu," akatandikiwa mkeka.

Mtu mwingine angefurahi, na mimi nilifurahi jioni moja. Chakula changu kililetwa kwenye sinia limefunikwa kawa: ugali wa muhogo, kisamvu cha nazi, minofu ya kambale iliyochambuliwa miiba. Nikala peke yangu kama bwana harusi. Upande wa pili wa ukuta, jikoni, nikawasikia. Walikuwa wanakula chunguni, wanagombea kichwa cha samaki. "Jicho la kwangu," Bi Fatu anasema. "Umekula moja, Bibi, hilo la kwangu!" Kisha kicheko, kisha kimya cha watu wanaofyonza mifupa. Nikaitazama minofu yangu iliyosafishwa, nikaifunika tena kawa. Ukuta wenyewe ulikuwa na tundu karibu na mbao za dari, pale maji yaliyovuja paani yalipokula udongo, na kwa tundu hilo mwaka mzima nilisikia nyumba inavyoishi bila mimi.

Siku ya tatu, asubuhi, Bi Fatu alitoka na majembe mawili. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, nami nilikuwa nimekwisha kujifunga kanga nikisubiri. Akampa Somoe moja, akachukua lake. Nikanyoosha mkono. "Aa, wewe pumzika, Bi Futi. Mikono yako ya vipimo hiyo." Wakaenda shambani wakiongozana, wanacheka, wanarudi mchana na ming'oko, vile viazi vya porini, kwenye kikapu na udongo kwenye visigino. Niliomba jembe siku nyingine, na nyingine tena. Kila mara jibu likawa lile lile, la upole, la heshima, la kunifunga mlango usoni. Usidhani napenda kulima. Kwetu Mikindani sikuwahi kupanda hata mchicha. Lakini kuna mtu anayepewa minofu na kuna mtu anayepewa jembe, na wa pili ndiye mwenye kwao.

Kazi ilikwenda vizuri. Nyumba zikapanda moja baada ya nyingine juu ya mwinuko wa ardhi ngumu tuliouchagua, nyeupe, pembe zake kali, ngazi mbele. Mhandisi alikuwa mtu wa haki lakini wa haraka, na mimi nilimzidi ukali. Nilipima kila sakafu kwa pima maji, nikipata ufa nawaambia mafundi wapasue na kupiga upya. Watu walihamia wakiwa na furaha, wakapandisha magunia ya korosho na kuku. Ila Bi Fatu. Yake ilikuwa ya kwanza kwenye mpango, na kila tukienda kumwuliza lini tuanze, anasema bado. "Nzuri, wanangu, nzuri sana. Lakini bado." Mhandisi akadhani anataka kubwa zaidi. Mimi nikadhani hanipendi, maana michoro ilikuwa yangu. Nilimwekea dirisha la jikoni kubwa kuliko la wengine, na hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Nilitaka aniambie tu, siku moja, "Mwanangu umenijengea." Basi. Ndilo nililokuwa nalitaka mwaka ule, na kila siku nilipomsikia akimwita Somoe mwanangu roho iliniuma.

Kisha tukaanza kuona jambo ambalo hatukulielewa. Nyumba za udongo za zamani, zile za bondeni, hazikubomolewa. Tulikuwa tumesema kila anayehamia juu abomoe ya chini. Watu walisema ndiyo, na kesho yake unakuta mwanamke anaikandika. Mhandisi akafoka. Wakasema ni stoo. Mimi nilipita kwenye moja ya hizo stoo nikamkuta ndani, juu ya kitanda, Mzee Nandonde, kaka yake Bi Fatu, amelala na kifua kinakoroma. Nyumba yake mpya iko juu, ina mlango wa mninga, na yeye mgonjwa wa kutoinuka ameshushwa chini, hatua chache kutoka mtoni. Nikamwuliza mkwe wake kwa nini. "Mzee amepata nafuu ya hewa huku," akasema, akiangalia pembeni. Nikaenda kumweleza Bi Fatu, nikidhani atakasirika pamoja nami. Akanisikiliza vizuri, akasema, "Umefanya vema kuniambia, Bi Futi," akarudi kutwanga.

Mto ulikuja mapema mwaka ule, mchana kweupe, jua linawaka na wala hapajanyesha tone kwetu. Mvua zilikuwa za huko juu, na ilikuwa bamvua. Nilikuwa kwenye jukwaa la mafundi nikaona njia ya kisimani inang'aa, kisha haipo. Watu wakapanda na mali zao bila fujo, kwa maana walikuwa na pa kupanda, na nikasimama kwenye ngazi nikawa nawahesabu moyoni kama kuku wangu. Ndipo Bi Fatu akapiga ukelele, anashuka mbio, kanga imeshikwa mkononi. Somoe akamfuata. Mimi nikawafuata wote. Tulimkuta Mzee Nandonde maji yamefika kwenye kamba za kitanda, mkwe wake anavuta mguu mmoja wa kitanda na hakitoki mlangoni. Tukambeba wanne kwa shuka. Mimi nilishika upande wa kichwa, na nakumbuka alikuwa mwepesi na ana joto kali, na kwamba alikuwa anasema taratibu, "Niacheni hapa, wanangu, niacheni hapa," nami nikidhani ni homa.

Alifia juu, siku chache baadaye, katika nyumba yake mpya yenye sakafu niliyoipima mwenyewe. Ndipo nikaona. Kwa watu wetu wa pwani maiti huoshwa ndani, chumbani, kwa stara, na chini ya kitanda huchimbwa ufuo, mfereji wa kupokea maji yaliyomwosha, kisha hufukiwa. Maji ya maiti hayatembei ovyo, hayakanyagwi. Mimi nilijua hivyo, nani asiyejua? Nilimwona bibi yangu akichimbiwa. Lakini sikuwahi hata dakika moja kuliweka jambo hilo na sakafu ya zege kwenye fikra moja. Waoshaji walisimama chumbani na jembe wakaiangalia sakafu. Mtu akaigonga, ikalia ngoo. Wakamtoa marehemu barazani, wakazungushia kanga, wakamwosha huko huku mvua imeanza, na maji yakashuka kwenye ngazi zangu yakaenda uani, walipokuwa wamekaa watu wa msiba na watoto wao. Watu wakainua miguu. Bi Fatu alikuwa amekaa karibu na ngazi, nikaona anakunja kanga yake taratibu, anaiweka mapajani isiloe, na machozi yanatoka bila sauti.

Maji ya mto yaliposhuka tulirudi kwa Bi Fatu, ambako kuta zilipona, na jioni moja nikiwa kitandani kwangu nikawasikia kupitia lile tundu. Bi Fatu alikuwa anakuna nazi. "Si kwamba sitaki nyumba, mwanangu. Nani anataka kufa maji? Lakini mimi ndiye ninayewafundisha wenzangu stara. Nikipanda juu, nikaugua, watanirudisha chini kama kaka yangu, nife maji. Wasiponirudisha, wataniosha ngazini, watu wananiruka. Lipi bora?" Somoe akauliza mbona hakutuambia mapema. "Nimwambie nani? Yule mhandisi? Mambo ya chumba cha maiti, kwa mwanaume mgeni?" "Ungemwambia Mwanaidi." Bi Fatu akachukua kifuu kingine. "Bi Futi ana akili nyingi. Nilimwogopa."

Aliniogopa! Nililala na neno hilo nikiligeuza huku na huku. Wivu wangu ulikuwa umepata chakula kipya: siri ya maana kuliko zote kijijini, siri iliyoelezea kila stoo na kila mgonjwa aliyeshushwa, amepewa Somoe kwenye kukuna nazi, na mimi mwenye michoro nimeipata kwa kusikiliza ukutani. Asubuhi Somoe alikuja kunieleza, kama nilivyojua angekuja, maana hakuwa na hila hata moja, na hilo nalo liliniudhi. Nikamwambia nimekwisha kusikia. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu. "Basi tutafanyaje? Tuache sehemu ya sakafu bila zege?" Nikamwambia hapana, mtu hatoboi chombo halafu akakiita chombo. Maji yakipanda mpaka pale yataingia kwenye kifusi, yatakikomba kwa chini, na sakafu yote itaanguka. "Mimi sijui, Mwanaidi," akasema. "Wewe ndiye unayejua." Alilisema bila kinyongo, kama mtu anayekupa haki yako, nami nikaipokea haki hiyo nikiwa nimekunja uso.

Nilifikiri visima. Kisima huzungushiwa tofali kutoka chini mpaka juu, na mchanga wa nje haumwagiki ndani. Kwa nini nisijenge kisima kikavu ndani ya msingi? Chumba cha nyuma, urefu na upana wa kitanda, kuta za tofali na zege kuanzia ardhini mpaka usawa wa sakafu, zimeshikana na msingi wenyewe. Chini kokoto. Juu ya kokoto, udongo mtupu mpaka ukingoni. Kifusi cha nyumba kibaki nje ya kuta hizo kimezibwa, udongo wa ufuo ubaki ndani yake, na mdomo wake uwe sawa na sakafu, juu ya mstari wa maji. Siku za kawaida funika kwa mbao, weka kitanda. Nilimpelekea mhandisi mchoro. Akautazama kwa muda, akanitazama. "Mwanaidi, wewe ndiye uliyekuwa ukipasua sakafu za watu kwa ufa wa unywele. Leo unataka nijenge shimo?" Nikamweleza kwamba sitoboi, nazungushia. "Na wenye mradi niwaambie nini? Kwamba tunajenga vyumba vya kuoshea maiti?" Nikamjibu, "Waambie kwamba wagonjwa sasa watakaa juu." Akakuna kidevu. Kisha akasema tujaribu nyumba moja, ya Bi Fatu, na ikileta ufa, nitaulipia kwa jina langu.

Nilizijenga zile kuta kwa mkono wangu. Sikumwachia fundi. Niliinama mle ndani na mwiko, jasho linaingia machoni, nikipanga tofali kwa timazi kama vile napanga meno ya mtu. Somoe ndiye aliyekwenda kumwambia Bi Fatu, kwa sababu ni yeye aliyeambiwa siri, na mimi sikutakiwa kujua. Kwa hiyo Bi Fatu alipokuja kuangalia, akapanda ngazi, akaingia chumba cha nyuma, akapiga magoti, akauingiza mkono kwenye ule udongo mpaka kiwiko, aliyemgeukia alikuwa Somoe. "Mwanangu," akasema. "Mwanangu, umenistiri." Akamkumbatia, wote wawili wanalia. Mimi nimesimama mlangoni na saruji kwenye nyusi. Somoe akasema, "Bibi, ni Mwanaidi aliye—" lakini akina mama walikuwa wamekwisha kuingia na vigelegele, wanasukumana kuona udongo, wanauliza na zao zitafanywa hivyo lini. Ikaitwa nyumba ya Somoe. Stoo za bondeni zikabomolewa moja moja bila mtu kufoka, na nyumba zote, za kwanza na zilizofuata, zikawa na kile kitalu cha udongo, nacho kikaitwa cha Somoe. Mafuriko yamekuja mara nyingi tangu wakati huo, na kila yakija utasikia watu wakisema, twende tukapande kwa Somoe.

Sikusema kitu. Ningesemaje? Ungedai sifa mbele ya mjane anayelia? Lakini usiku na mchana nililila jambo lile kama mhogo mchungu. Nilipoondoka mwisho wa mwaka, Bi Fatu alinifungia korosho na ming'oko, akanishika mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu akavitazama. Vilikuwa na sugu za mwiko. "Bi Futi," akasema, akavifumba vile viganja. Somoe hakuondoka. Aliolewa na mpwa wake Bi Fatu. Mpwa mwenyewe sikumtaka hata kwa dawa, alikuwa na maneno mengi na kofia ya kuazima. Nilichomwonea kijicho ni kuolewa kwenye ile nyumba, kupata haki ya kuingia jikoni bila hodi mpaka uzeeni. Nilikuwa nakwenda Idi, baadhi ya miaka. Nikifika natandikiwa mkeka mpya, naletewa sinia lenye kawa. Somoe na Bi Fatu wanakula jikoni.

Hayo yote niliyapitia upya ndani ya gari, na sehemu ya mwisho juu ya bodaboda, maana njia ya Nakwaya ilikuwa imelowa. Nilikuta wanaume wamekaa nje kwenye mikeka, sanda imekwisha kukatwa, maji ya kuoshea yanapoa kwenye ndoo. Watu walinipisha. Ile nyumba ilikuwa imezeeka vizuri, lipu imebanduka upande wa jua lakini pembe zimesimama, na mistari ya mafuriko imejichora kwenye msingi mmoja juu ya mwingine, yote chini ya sakafu. Niliiangalia kwa jicho la kazi, Mungu anisamehe, kabla sijaingia kumwangalia aliyelala.

Chumba cha nyuma kilikuwa na wanawake watatu na harufu ya kafuri. Kitanda kimesogezwa, na Bi Fatu amelala juu yake amefunikwa, mdogo kuliko nilivyomwacha. Mbao zilikuwa bado mahali pake. Somoe akaja kwangu, mtu mzima sasa, mnene, macho mekundu. Nikataka kumpa pole ya mfiwa, na nikataka pia kumwuliza kwa nini kila mara ni yeye. Hakunipa nafasi. Aligeukia ukutani akachukua jembe, jembe lile la zamani lenye mpini uliokatika na kufungwa kamba, akaninyooshea. "Lako hili," akasema.

Nikamwambia sielewi. Akaniambia Bi Fatu aliusia waziwazi, mbele ya watu, zaidi ya mara moja: "Somoe ataniosha, huyo nimemlea. Lakini kuchimba achimbe Bi Futi. Ndiye aliyeniwekea mahali pa kuchimbwa. Nisichimbiwe na ntu mwingine hata nikichelewa." Nikasema kwa hiyo alijua. "Mwanaidi, alijua tangu siku ile. Alikuona una saruji usoni. Alisema ukidai haki yako atakupa, na usipodai atakuwekea." Nikauliza mbona kwa miaka yote hiyo hakuniambia, na hakunipa hata jembe la kupalilia karanga. Somoe akainua mabega. "Labda alikuwa anakuwekea hili."

Mama mmoja akaondoa mbao. Nilitarajia udongo mgumu, uliokaa miaka bila kuguswa, umeshikana kama tofali. Nikakanyaga ukingoni, nikainua jembe, nikalishusha kwa nguvu zangu za ofisini, likazama lote mpaka shingoni, karibu nianguke. Udongo ulikuwa laini, umechekechwa, hauna jiwe wala mzizi.

"Kila mwaka baada ya kuvuna alikuwa anautifua," Somoe akasema nyuma yangu. "Anatoa kitanda, anatoa mbao, anauchekecha wote kwa mkono. Nikimwambia, Bibi, umezeeka, nipe nikusaidie, ananifukuza. Anasema Bi Futi mikono yake sasa ya kalamu, akija asipate taabu." Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo hakutaka wale wengine waisikie, "Mimi hakuniruhusu kuugusa hata siku moja."

Nikageuka kumtazama. Alikuwa anaitazama mikono yangu kwenye mpini wa jembe, na uso wake ulikuwa uso wangu, ule niliokuwa nao nikiwa kwenye chumba cha mbele na sinia la minofu, nawasikiliza wanavyogombea kichwa cha samaki. Niliujua vizuri kuliko mtu yeyote duniani. Ningeweza kumwambia neno, na nitamwambia, inshallah, siku za arobaini zikipita. Lakini pale nilirudi kwenye udongo wangu nikainama, nikachimba taratibu, taratibu kabisa, ili nisimalize upesi.